Bustani ya mboga nyumbani: jinsi ya kuivusha kutoka mwisho wa mvua hadi kiangazi

Kusini magharibi mwa Uganda, katika makazi kama Nakivale na Oruchinga wilayani Isingiro, Rwamwanja wilayani Kamwenge na Kyaka II wilayani Kyegegwa, mvua za kwanza za mwaka hunyesha kuanzia Machi na hupungua mwishoni mwa Mei. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Hiyo ndiyo miezi ambayo fungu la lengalenga sokoni huwa dogo huku bei ikipanda, na katika nyumba nyingi posho huliwa na maharage matupu siku hadi siku. Makala haya ni ya mtu mwenye eneo dogo kando ya nyumba, awe mkimbizi au mwenyeji, anayetaka kuwa na mboga zake katika miezi hiyo.

Tuseme wazi tangu mwanzo. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula nchini Uganda hutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, na familia nyingi zimepunguziwa au kuondolewa kabisa. Bustani ya nyumbani haiwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu unga na maharage ya familia havitoki kwenye mita nne za mraba. Inachoweza kutoa ni majani ya kila juma, nyanya chache, na matunda ya watoto. Usiuze kitu cha nyumbani ili ununue mbegu ukitarajia zaidi ya hayo.

Hesabu maji kabla ya kuhesabu mbegu

Bustani nyingi za kiangazi hufa kwa sababu moja: zilipandwa kubwa wakati mvua ingali inanyesha, kisha maji yakakosekana. Jua likiwa kali, mita moja ya mraba yenye mboga hutaka lita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Kwa hiyo jerikani moja (bido) ya lita 20 hutosha mita nne au tano za mraba, yaani tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa hatua nne au tano. Ukifunika udongo vizuri na kumwagilia asubuhi na mapema, unaweza kwenda mbele kidogo ya hapo. Hakuna ujanja wa kuifanya jerikani moja inyweshe nusu ya kiwanja.

Jiulize basi: kila siku nyumba hii inamwaga maji kiasi gani? Maji ya kuoga na ya kusuuza nguo yanafaa kwa bustani yakimwagwa kwenye udongo, chini ya shina, siyo juu ya majani. Familia ya watu watano kwa kawaida huweza kupata jerikani moja kwa siku kwa njia hiyo bila kurudi kwenye foleni ya bomba. Anza na tuta linaloendana na jerikani hiyo. Likikushinda kwa kukunywesha kidogo tu, mwakani utaongeza.

Si maji yote yaliyotumika yanafaa. Yenye jiki usiyamwage bustanini. Maji ya kwanza ya kufulia, yale mazito ya sabuni ya unga, huacha chumvi kwenye udongo. Yamwage kwingine na utumie yale ya kusuuzia. Maji yaliyooshea nguo za mtoto zenye kinyesi yasifike kamwe kwenye mboga, yatupe chooni. Usiyalaze maji machafu kwenye ndoo hadi kesho, kwa kuwa hunuka na huleta mbu. Mara moja kwa juma mpe mmea maji safi ili kusafisha sabuni iliyobaki kwenye udongo.

Kuhusu maji ya bomba, kila kituo kina kamati yake ya maji na utaratibu wake. Anayejaza jerikani sita za bustani huku wengine wakingoja maji ya kupikia huanzisha ugomvi ambao mboga hazitaulipa. Jingine ni kando ya ziwa na kwenye mabwawa. Ni kweli udongo wa pale huwa na unyevu hata mwezi wa Agosti, lakini sheria ya mazingira ya Uganda inalinda kingo za maziwa na maeneo ya kinamasi, na mazao yaliyopandwa humo yanaweza kung'olewa. Usiweke nguvu zako pale.

Kazi ya mwezi wa Mei

Mmea unaovuka kiangazi ni ule ulioshusha mizizi yake wakati udongo ungali na unyevu. Ndiyo maana Mei ni muhimu kuliko Juni. Mbegu za sukuma wiki, nyanya, biringanya na nyanya chungu (zile ambazo Warundi na Wanyarwanda huziita intoryi) zinapaswa kuwa kitaluni mapema mwezi huo. Kitalu kinaweza kuwa beseni lililotoboka au kona ya tuta yenye kivuli cha nyasi. Baada ya majuma manne au matano, mche ukiwa na majani manne hadi sita, uhamishe jioni jua likishatua, pamoja na udongo wake, kisha umwagilie papo hapo. Anayehamisha miche saa sita mchana hupoteza nusu yake.

Umechelewa na Mei imeisha? Usianze na mbegu za sukuma wiki. Mwombe jirani mwenye shina kuukuu akupe vichipukizi vinavyoota ubavuni mwa shina. Vikate, ondoa majani makubwa, vichomeke kwenye udongo wenye unyevu chini ya kivuli. Vikishika mizizi utavuna mapema kuliko aliyepanda mbegu, na hujatoa shilingi hata moja.

Tuta la shimo, na gunia

Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yasituame. Kiangazi ni kinyume chake: tuta lishuke. Chimba kina cha sentimita 30 hivi, weka chini majani ya migomba, mabua na maganda ya mboga, rudisha udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na uache uso wa tuta uwe chini ya ardhi inayouzunguka kwa upana wa kiganja. Maji unayomwaga hayatakimbia. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya maharage, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Kazi hii moja ya kufunika huokoa maji mengi kuliko nyingine yoyote iliyotajwa hapa. Kwenye mchwa wengi, chunguza chini ya nyasi kila baada ya siku chache na uziondoe kwa muda ukiwaona.

Samadi mbichi ya mbuzi au kuku huunguza mizizi. Irundike, iloweshe, ifunike kwa miezi miwili au mitatu. Majivu ya jikoni ni mazuri kwa kiasi cha konzi moja kwa mita ya mraba. Ukiyamwaga ndoo nzima udongo utaharibika.

Asiye na nafasi ya tuta anaweza kutumia gunia. Changanya udongo mafungu mawili na samadi iliyooza fungu moja. Simamisha katikati ya gunia kopo au ndoo iliyokatwa kitako, ijaze mawe madogo, jaza udongo pembeni yake, kisha vuta kopo juu na ujaze mawe tena, hivyo hivyo mpaka juu. Utabaki na nguzo ya mawe katikati, na maji yatashukia humo hadi chini badala ya kuishia juu. Toboa matundu ubavuni, kila moja umbali wa shibiri kutoka kwa mwenzake, na upande sukuma wiki, spinachi au vitunguu vya majani. Gunia hukauka haraka kuliko tuta, kwa hiyo liweke mahali linapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Cha kupanda, na cha kuacha

Lengalenga ndiyo ya kwanza. Waganda huiita dodo, Watanzania na Wakenya mchicha. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisimwagike pamoja, zitawanye, funika kidogo sana. Baada ya majuma matatu au manne unang'oa zilizosongamana na kuzipika. Zilizobaki unazikata kwa urefu wa shibiri moja kutoka ardhini, nazo huchipua tena. Ukigawa tuta sehemu mbili na kupanda ya pili majuma mawili baada ya ya kwanza, sufuria haitakosa.

Kunde huvumilia ukame kuliko lengalenga, na majani yake machanga huvunwa karibu muda uleule. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, yapande pale maji ya bafuni yanapotokea. Kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 30 kinatosha. Boga liweke kwenye shimo la takataka za jikoni, litambae litakako. Utakula majani kwanza na matunda baadaye. Nyanya chungu huchelewa lakini huzaa kwa miezi mingi. Sukuma wiki vuna majani ya chini tu, ukiacha manne au matano ya juu kila mara.

Nyanya ndizo tunazowasihi watu wapunguze. Kila mtu huzitaka kwa sababu zina bei. Lakini mche mmoja wenye matunda hunywa lita moja hadi mbili kwa siku, kwa hiyo miche kumi inaweza kumaliza jerikani nzima ambayo ingelisha tuta zima la majani. Ukiimwagilia leo na kuisahau siku tatu, matunda huoza kitako, yakiwa na doa jeusi chini. Huo si ugonjwa wa kununulia dawa, ni maji yasiyo na mpangilio. Panda miche mitatu au minne, ifunge kwenye vijiti, basi.

Matunda yanahitaji subira

Papai huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, na ndilo tunda linalofaa zaidi kiwanja kidogo. Usilipande shambani mwanzoni mwa kiangazi. Tumia Juni na Julai kuotesha: toa mbegu kwenye papai tamu, zioshe utelezi wake, zianike kivulini, uzipande kwenye vifuko vya udongo karibu na mlango ambapo utazikumbuka. Mvua za Septemba zikianza, ihamishie miche mitatu kwenye shimo moja. Ikichanua utaona ipi ni dume, yenye maua mengi madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Ikate na uache mmoja unaozaa. Mahali pasituame maji, maana mizizi ya papai huoza upesi. Mgomba ni kinyume: wenyewe unafurahia shimo la maji ya kuogea. Pasheni, ambayo Wakongomani huiita marakuja, pia ipandwe Septemba, kwenye uzio imara.

Wadudu, kuku na mbuzi

Kiangazi huleta vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya majani ya sukuma wiki. Ukiwaona wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, koroga sabuni kidogo ya kipande kwenye maji, nyunyizia chini ya majani jioni, na uoshe majani kabla ya kula. Mche ukikutwa asubuhi umekatwa shinani, chimbua hapo hapo kwa kidole: funza aliyejikunja yupo karibu. Zungushia miche iliyobaki karatasi ngumu au majivu. Kwenye nyanya kuna kiwavi anayechora njia nyeupe ndani ya majani na kutoboa matunda, ambaye wakulima wa Tanzania humwita kantangaze; chuma majani yenye alama na uyachome, usiyatupe kwenye mboji.

Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji au ya soda bila lebo. Hujui ni nini, hujui ungoje siku ngapi kabla ya kula, na mtoto anaweza kuinywa. Vilevile mbegu zilizopakwa rangi ya waridi, bluu au kijani zimetiwa sumu: hazipikwi hata njaa ikiwa kali, wala kuku hapewi.

Mbuzi ni suala la watu kuliko la kilimo. Malisho yakikauka mifugo huzunguka, na kiwanja pekee chenye kijani ni chako. Weka uzio wa miba kabla mboga hazijaota, siyo baada ya hasara. Ikitokea uharibifu, usimpige mnyama wala kumfungia. Piga picha, ita shahidi, peleka jambo kwa kiongozi wa wakimbizi wa kijiji (RWC 1). Mwenye mbuzi akiwa mwenyeji, mwenyekiti wa LC 1 naye ahusishwe. Wakae wote wawili. Ukikodi kipande kwa mwenyeji ili kupanua bustani, andikeni ukubwa, bei na muda mbele ya viongozi hao hao. Na kumbuka kwamba kiwanja ulichopewa ndani ya makazi ni cha kutumia, hakiuzwi.

Kutoka bustanini hadi sahani

Osha majani kwa maji safi kabla ya kuyakata, siyo baada. Majani ya kijani kibichi, boga na papai lililoiva vina vitamini A inayolinda macho ya watoto. Kijiko cha mafuta kwenye mboga huusaidia mwili kuipokea. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kupondewa majani laini kwenye uji wake. Majani ya kunde yakizidi, yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, yaanike kivulini hadi yakatike mkononi, na uyaweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Ifikapo Agosti acha mashina mawili au matatu ya lengalenga yaliyo bora bila kuyakata. Suke likikauka, lipukutie juu ya kitambaa, upepete, ufunge mbegu kwenye karatasi na kuziweka juu ambapo panya hafiki. Zitatosha kwa Septemba, na kwa jirani pia.