Gredi ya oili ya injini

Gredi ya oili ya injini ni kipimo cha uzito wa oili, yaani inavyotiririka kwa wepesi au kwa shida. Hupangwa na SAE, chama cha wahandisi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905. Katika 5W-30, namba yenye W huhusu baridi. Namba ya pili, 30, huhusu injini ikiwa moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mombasa na Dar es Salaam hazina asubuhi za barafu, hivyo namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi: kwenye foleni ya mchana, oili nyepesi mno hushindwa kuzuia vyuma visisuguane. Hata hivyo oili nzito kama 20W-50 haifai kila gari. Injini za kisasa zina njia nyembamba, na oili nzito huchelewa kuzifikia sehemu za juu. Kabla ya kumwaga oili ya zamani, soma kitabu cha gari lako.