Sheha na Utawala wa Miji ya Unguja

Historia ya utawala wa kisiwa cha Unguja aghalabu huelezwa kwa kuwataja wakubwa wake: Mwinyi Mkuu, kisha masultani wa ukoo wa Busaidi, kisha Waingereza. Masimulizi ya namna hiyo hutujulisha ni nani aliyekalia kiti cha enzi. Hayatujulishi, hata hivyo, jinsi mkulima wa Makunduchi au mvuvi wa Jambiani alivyotawaliwa. Kwa watu hao serikali ilikuwa ni sheha. Makala haya yanaeleza historia ya cheo hicho, pamoja na swali ambalo halijapata kuachana nacho: je, sheha ni mtu wa mji au ni mtu wa serikali?

Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja, waliishi katika makazi waliyoyaita miji, ijapokuwa mgeni angeyaita vijiji. Kila mji ulikuwa na wazee wake waliojulikana kwa jina la watu wanne. Hao walitoka katika koo za mji wenyewe, nao walikaa pamoja kusikiliza magomvi, kugawa ardhi ya kulima na kupokea wageni. Ardhi ya mji haikuwa mali ya kuuzwa; mgeni aliyetaka kulima hapo aliomba ruhusa kwanza. Kando yao alikuwapo mzale, au mvyale, mtunzaji wa mizimu na mila, ambaye bila ya yeye shamba jipya halikufunguliwa. Wala hapana aliyewapa watu hao madaraka kutoka nje ya mji. Walikuwa wakubwa kwa sababu wenzao waliwatambua kuwa wakubwa.

Juu ya miji hiyo alikaa Mwinyi Mkuu, ambaye makao yake ya mwisho yalikuwa Dunga, katikati ya kisiwa. Alama za enzi yake zilikuwa siwa na ngoma, ambazo baadaye zilihifadhiwa katika makumbusho mjini Zanzibar. Mwinyi Mkuu hakuweza kuwa katika kila mji, kwa hiyo alikuwa na masheha. Kwa njia ya sheha amri na madai ya kodi yalishuka mjini, na kwa njia hiyo hiyo malalamiko ya mji yalipanda hadi Dunga. Hivyo, tangu zamani, sheha alisimama mahali pagumu, baina ya watu wanne waliokuwa wa mji na mtawala aliyekuwa mbali.

Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, hakumwondoa Mwinyi Mkuu. Alimwacha Dunga, na kwa kumtumia yeye na masheha wake akapata kodi na nguvu-kazi za Wahadimu. Wakati huo huo ardhi yenye rutuba ya magharibi na katikati ilienea mashamba ya mikarafuu, na wenyeji wengi wakabaki katika ardhi ya maweni, yenye udongo haba. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alipofariki mwaka 1873, enzi ya Dunga ilikoma. Masheha, hata hivyo, hawakukoma. Walibadilishiwa bwana tu, wakawa wa Sultani. Baada ya Uingereza kuitangaza Zanzibar kuwa nchi iliyo chini ya himaya yake mwaka 1890, juu ya masheha waliwekwa mamudiri. Sheha sasa alikuwa na mkubwa wa kumjibu ofisini, hali watu wanne waliendelea kuheshimiwa mjini bila ya kuwa na nafasi kama hiyo serikalini.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964 yaliuondoa usultani, na masheha wa utawala ule wakaondoka pamoja nao. Kazi nyingi walizokuwa wakizifanya zilichukuliwa na matawi ya chama cha Afro-Shirazi. Lakini cheo chenyewe hakikuzikwa. Katika miaka ya 1990 kilirudishwa, na sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1998 ikakieleza. Leo Unguja na Pemba zina shehia zaidi ya 300. Sheha husuluhisha magomvi, huthibitisha ukaazi wa watu, na huwa na baraza la kumshauri. Yeye huteuliwa, hapigiwi kura. Basi swali lile la kale bado lipo, na uzito wake huonekana hasa mwananchi anapohitaji kuthibitishiwa kuwa yeye ni mkaazi halali wa mahali pake.

Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Historia ya sheha yatuonyesha ni lipi lililoponyoka mara kwa mara: kila utawala mpya ulipoingia, ulikaza mkono uliomvuta sheha kwenda juu, na mkono uliomvuta kwenda mjini ukalegea. Watu wanne hawakuhitaji barua ya uteuzi, kwani kibali chao kilikuwa machoni mwa majirani zao. Sheha wa leo barua anayo. Kibali cha majirani hana budi kukitafuta mwenyewe, siku hata siku, kwa uadilifu wake barazani.