Kutu ya Bati, Shahidi wa Kale

Msomaji, ukifika Kaplong, karibu na Sotik, mvua ya alasiri ikiisha kunyesha, inua macho uyatazame majengo ya zamani. Utaona michirizi myekundu imeteremka katika mapaa ya mabati. Wengi hudhani ni uchafu tu. Walakini kwa ajuaye kusoma, hiyo ni historia.

Hapo kale nyumba za Wakipsigis ziliezekwa kwa nyasi. Mwaka 1829, mjini London, Henry Palmer alipata hati ya uvumbuzi wa bamba la chuma lenye mikunjo, ambalo hupata nguvu pasipo kuongezwa uzito. Mwaka 1837 Mfaransa Sorel alipata hati ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa, kisishike kutu upesi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani mwaka 1901, na shehena nzito zikaweza kuletwa bara. Mashamba makubwa ya chai yalipofunguliwa Kericho katika miaka ya 1920, viwanda vyake viliezekwa mabati; kidogo kidogo wenyeji nao wakaacha nyasi.

Siku hizi mapaa hayo makuukuu yanang'olewa, yakawekwa mabati ya rangi. Basi tengeneza mfano mdogo wa nyumba moja kabla haijabomolewa. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyomalizika mwaka 1924, ilijengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Ukifuata kipimo hicho, bati la mita 3 litakuwa sentimita 25, na mchirizi wa kutu wa sentimita 24 utakuwa sentimita 2. Wengi hukosea hapa: hupunguza nyumba, wakasahau kupunguza kutu.

Kunja karatasi ngumu, uipake rangi ya kijivu. Chovya nyuzi za chuma za kusugulia sufuria katika siki yenye chumvi kidogo, uziache hewani siku kadhaa, kisha saga kutu yake iwe unga. Changanya na udongo mwekundu uliochekechwa, maana wekundu wa udongo nao watokana na chuma. Bandika kwa gundi nyepesi.

Lakini usinyunyize ovyo. Zinki huchakaa kwanza, ikafifia kama majivu. Ndipo kutu huanza penye matundu ya misumari, kingoni palipokatwa, na mahali mabati yanapolaliana. Kutoka hapo hufuata maji kwenda chini. Kikulacho ki nguoni mwako: msumari ulioshika bati ndio ulioifungulia kutu mlango.

Kabla ya kuanza, waulize wazee wa nyumba: paa liliezekwa mwaka gani? Bati lipi lilibadilishwa, na kwa nini? Bati lililokuwa jipya usilipake kutu, hata kama ungependeza macho. Paa lenyewe likiisha kuondoka, hapana tena wa kukusahihisha. Na uongo wako watairithi wajukuu kuwa ndiyo kweli.