Stara, Muhali na Sare: Askari Polisi wa Kike katika Historia ya Pemba

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mtazamo wa Wapemba juu ya askari polisi wanawake huanza na kuishia kwenye dini na mila: mwanamke ni wa ndani, upolisi ni kazi ya nje. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayaulizi Wapemba walikuwa wakimjua polisi wa namna gani.

Tangu Muungano wa Aprili 1964, polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano, na askari wa kituo cha Wete au Mkoani aliweza kuwa mgeni kabisa kisiwani. Kisha ikaja Januari 2001. Maandamano ya wafuasi wa Chama cha Wananchi (CUF) ya tarehe 27 yalizimwa kwa risasi. Watu wasiopungua 30 waliuawa Zanzibar, wengi wao Pemba, na wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2002 ilieleza pia udhalilishaji wa kijinsia uliofanywa na askari katika misako ya majumbani. Kwa familia iliyopitia hayo, kumzuia binti asivae sare hakukuwa suala la hijabu pekee.

Mtandao wa Polisi Wanawake ulioanzishwa mwaka 2007, na Madawati ya Jinsia na Watoto yaliyofuata, viliikuta kumbukumbu hiyo ingali mbichi. Hata hivyo, stara iliyokuwa hoja ya kumkataa askari wa kike ikawa hoja ya kumtaka: mama wa mtoto aliyebakwa hawezi kumsimulia mwanamume yaliyotokea. Mila ni ileile. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa. Lakini kukubalika huko kulikuwa na mipaka. Askari wa kike alipokelewa kwa mambo ya wanawake na watoto, kana kwamba uwani wa nyumba umehamishiwa kituoni, huku doria na upelelezi wa makosa mengine vikiendelea kuhesabiwa kuwa kazi ya wanaume.

Juu ya yote kuna muhali. Mshtakiwa ni jirani au mjomba; wazee wanakutana, sheha anajulishwa, shahidi hatokei mahakamani. Askari wa kike aliyezaliwa Pemba anaaminiwa kwa sababu ni wa hapo, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye wa kwanza kubishiwa hodi jioni aombwe kulimaliza jambo kifamilia. Mwenzake aliyetoka Bara habishiwi hodi hiyo, wala hapelekewi shauri lenyewe.