Kutoka Ikulu ya Magogo hadi Sungusungu: Ulinzi wa Kaya Unyamwezi na Usukuma

Katikati ya karne ya 19, nyumba ya Mnyamwezi haikusimama peke yake. Familia nyingi ziliishi pamoja ndani ya kijiji kilichozungushiwa magogo yaliyosimikwa ardhini bega kwa bega, na mara nyingi nje ya magogo hayo palioteshwa ua wa minyaa au palichimbwa handaki. Lango lilikuwa jembamba. Jua likizama lilifungwa na kukingamishwa magogo mazito hadi alfajiri. Makazi ya mtemi, yaani mtawala wa jadi, yaliyoitwa ikulu, ndiyo yaliyokuwa na uzio imara kuliko yote, kwa kuwa huko ndiko watu wa vijiji vidogo walikokimbilia pamoja na mifugo yao vita vilipozuka. Neno hilo leo ni jina la makazi ya rais wa Tanzania, na wengi wanaolitamka hawafikirii tena uzio wa miti wala watu waliolala nyuma yake wakisikiliza usiku.

Hofu yao ilikuwa na sababu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, ilileta nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki, na ikarudi pwani na pembe za ndovu na watumwa. Kadiri bunduki zilivyozidi, ndivyo vita baina ya watemi vilivyozidi kuwa vikali. Katika miaka ya 1850 Wangoni waliotokea kusini walikuwa wamekwisha kuingia upande wa kaskazini-magharibi mwa Unyamwezi na mbinu zao za kivita, ambazo wenyeji waliziiga upesi. Mvamizi wa zama hizo hakutaka mbuzi na nafaka tu. Alichukua mke na watoto, na msafara ukishaondoka nao ilikuwa vigumu sana kwa mume kuwapata tena. Hivyo hata shamba lilipangwa kwa hesabu ya hatari: lililimwa karibu na lango, na wanaume walikwenda kulima wakiwa na silaha.

Aliyejua kuitumia hali hiyo kuliko wengine alikuwa mtemi Mirambo wa Urambo. Jeshi lake la rugaruga lilikuwa la vijana walioishi kwa nyara. Agosti 1871 liliingia Tabora na kuichoma moto sehemu ya mji, na miongoni mwa waliouawa alikuwa mfanyabiashara mkubwa Khamis bin Abdullah. Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, wakati huo alikuwa Kwihara, umbali mfupi kutoka mjini, katika nyumba ya aina ya tembe. Maandalizi yake yanaonyesha vizuri nyumba ya namna hiyo ilivyoweza kugeuzwa ngome. Kuta nene za udongo zilitobolewa matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki, maji yakajazwa ndani, wapagazi wakapangwa mahali pa kusimama. Shambulio halikufika Kwihara. Februari 1872 Livingstone naye alifika akakaa katika nyumba hiyohiyo hadi Agosti, na leo mahali hapo ni makumbusho ambayo mgeni anaweza kuingia na kujionea unene wa ukuta.

Tembe inastahili kuangaliwa kwa makini. Ni nyumba ya pembe nne yenye paa bapa la miti lililokandikwa udongo, na vyumba vyake huzunguka ua wa ndani ambamo mifugo iliweza kulazwa. Wagogo waliijenga kwa ufupi kiasi kwamba kwa mbali ilionekana kama tuta. Ubora wake ulikuwa katika mambo mawili. Kwanza, paa la udongo haliwaki. Nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi ilihitaji kijinga kimoja tu cha moto kuwatoa wote waliokuwa ndani, na moto ndio uliokuwa silaha ya kwanza ya mvamizi wa usiku. Pili, mwizi wa ng'ombe alilazimika kupita katikati ya watu waliolala kabla hajaufikia mkia wa ng'ombe mmoja.

Hata hivyo ukuta wa udongo na miti una kikomo chake. Mtemi Isike wa Unyanyembe, eneo la Tabora, alijenga boma lenye kuta nene lililowashinda Wajerumani mara kadhaa mwaka 1892. Januari 1893 afisa wa Kijerumani Tom von Prince alirudi na askari, na safari hii ukuta ulipasuliwa. Isike aliona hawezi tena kuwaokoa watu wake, akawasha baruti aliyoihifadhi ndani ili ajilipue. Baada ya hapo Tabora ikapata boma jingine, la serikali ya Kijerumani. Nchi nzima neno boma, ambalo kwa karne nyingi lilikuwa uzio wa kulinda watu na mifugo, likawa jina la ofisi ya wilaya, mahali pa kulipia kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Ikulu na boma yote mawili yalianza kama majina ya ulinzi wa kaya, yakaishia kuwa majina ya utawala. Si jambo la lugha tu. Kazi ya kulinda ilihamishwa kutoka kwa wenye nyumba ikapelekwa kwa mtawala, na mtawala hakuwa na askari wa kutosha kuifanya.

Vita vya watemi vilipokoma, watu walitoka nyuma ya magogo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vijiji vikubwa vyenye uzio vilitawanyika na kila familia ikaenda kujenga karibu na shamba lake na malisho yake. Huko Usukuma ndiko taswira ya kaya iliyo peke yake ilikoenea: nyumba za msonge kadhaa, zizi la ng'ombe katikati, na ua wa minyaa kuzunguka vyote. Mnyaa ni mti uliochaguliwa kwa akili. Tawi likikatwa na kuchomekwa ardhini wakati wa mvua huota bila kubembelezwa. Ng'ombe hawauli, ukame hauumalizi, na matawi yake ya kijani yasiyo na majani husongamana hadi mtu asiweze kujipenyeza bila kuyavunja. Akiyavunja, matawi hutoa utomvu mweupe kama maziwa, unaobabua ngozi na ambao ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu. Mwizi gizani hawezi kukwepa matone hayo. Wamasai nao walizungushia miji yao mti huohuo, na inasemekana jina la Ziwa Manyara limetokana na jina lao la mti huo.

Ndani ya ua kulikuwa na walinzi wengine. Mbwa walilala nje. Vijana wa kiume walilala karibu na zizi, si kwa sababu walikosa nafasi kwingine, bali ili wawe wa kwanza kusikia kwato zikisogea. Palikuwa pia na zindiko. Mganga aliitwa kuizindika kaya, akafukia dawa langoni na kuwachanja wenye nyumba, kwa imani kwamba mwizi angepotewa na njia au angekuta mji umegeuka pori. Iliaminika vilevile kwamba wezi walikuwa na dawa za kuwalaza watu usingizi mzito wasisikie lolote. Imani hizo zilikuwa na kazi yake: mwizi aliyeamini zindiko alifikiri mara mbili, na mwenye nyumba aliyeogopa dawa ya usingizi alihakikisha daima kuna mtu aliye macho.

Lakini kinga kubwa kuliko zote haikuonekana kwa macho. Iliitwa mwano. Huu ni ukelele wa hatari ambao mtu akiupiga kila aliyeusikia alipaswa kuupokea, kuupaza na kukimbilia ulikotoka akiwa na upinde, mkuki au rungu. Ukelele ulipita kaya hata kaya, mlima hata mlima, haraka kuliko mtu anavyoweza kuswaga ng'ombe. Kuitikia mwano hakukuwa hisani. Mwanamume aliyebaki kitandani alitozwa faini, na alibaki na doa: kwa nini hakutoka, au ana lake na wezi? Kwa kaya zilizotawanyika mbugani, mbali na polisi, sauti hiyo ndiyo iliyofanya kazi iliyokuwa ikifanywa na uzio wa magogo. Nyuma yake palikuwa na vyama vya vijana vya kijiji, basumba batale, vilivyolima kwa zamu, kujenga, na kuwaadhibu wakaidi. Adhabu kali kuliko zote ilikuwa kutengwa, asiwepo mtu wa kumpa mkaidi moto wala wa kumsaidia kuzika.

Mpangilio huo ulivurugwa katika miaka ya 1970. Watemi walikuwa wameshaondolewa madaraka mwaka 1963. Operesheni Vijiji ikafuata, na kaya zikang'olewa mashambani na kupangwa kwa mistari katika vijiji vya maendeleo. Ua wa minyaa uliachwa nyuma ukizunguka mahame. Majirani wa kurithi walitenganishwa, na watu wakajikuta wamepakana na wasiowajua vyema. Polisi nao hawakuwa kimbilio. Katika operesheni dhidi ya mauaji yaliyokuwa yakitokea mikoa ya Mwanza na Shinyanga, baadhi ya watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa dola, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kuwajibika kwa makosa ya waliokuwa chini yake. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Vilipokwisha, bunduki nyingi zilikuwa zimeingia mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, bidhaa zimeadimika, na mwizi wa ng'ombe aliyezoea kunyata sasa alikuja akifyatua risasi.

Sungusungu ilizaliwa katika mazingira hayo. Vikundi vya kwanza vilionekana mwaka 1981 na 1982 upande wa Kahama na wilaya jirani, vikaenea upesi Unyamwezi na Usukuma yote. Jina ni la chungu weusi wanaotembea kwa makundi na kung'ata. Wanachama wengine walijiita basalama, watu wa salama. Hawakuwa na silaha za kisasa. Walibeba pinde na mishale, na waliitana kwa filimbi pamoja na mwano wa zamani. Kiongozi aliitwa mtemi, cheo ambacho serikali ilikuwa imekifuta miaka karibu 20 kabla, na chini yake walikuwapo katibu na makamanda. Kwa hiyo chombo kilikuwa kipya kwa jina tu: kilikuwa na vijana wa basumba batale, wajibu wa mwano na adhabu ya kutengwa, vikishikiliwa na muundo uliofanana na wa chama tawala.

Kazi yao ilianzia kwenye nyayo. Zizi likikutwa tupu alfajiri, filimbi zilipulizwa na alama za kwato zikafuatwa mpaka kijiji cha pili, ambacho kilipokea msako na kuuendeleza hadi cha tatu. Mwizi mwenye bunduki aliweza kulishinda kundi moja. Hakuweza kuishinda nchi nzima iliyoamka. Aliyeshukiwa aliitwa mbele ya mkutano, akahojiwa hadharani, akatozwa faini au akatengwa. Katika vijiji vingi wizi wa mifugo ulipungua kwa namna ambayo polisi na mahakama hawakuwahi kuileta, na watu walilala.

Hapohapo palikuwa na kosa kubwa, na halipaswi kufunikwa. Kwa watu wengi wa huko adui wa kaya hakuwa mwizi peke yake bali pia mchawi, na mikutano iliyowahoji wezi iliwahoji pia kina mama wazee walioshukiwa uchawi. Baadhi walifukuzwa makwao; wengine waliuawa. Kuna walioungama kwa kipigo, na walinzi waliojikuta mahakamani kwa mauaji. Ulinzi ulioanzishwa ili mama mzee alale salama ulifika mahali ukawa ndio unaogonga mlango wake usiku.

Serikali ilisitasita. Mahakimu na polisi waliona sheria inavunjwa, ilhali viongozi wa chama tawala, akiwemo Mwalimu Nyerere, waliona wananchi wakijilinda wenyewe. Jibu la kisheria lilipatikana mwaka 1989, sheria za mgambo ziliporekebishwa na vikundi vya jadi vya ulinzi kupewa nguvu ya kukamata. Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1990, aliusukuma utaratibu huo hadi mijini. Dar es Salaam ikawa na sungusungu wa mtaa, ambako wenye nyumba walitakiwa kushika doria za usiku kwa zamu. Mji, hata hivyo, hauna nyayo za kufuata wala aibu ya kutengwa, na asiyeitika filimbi anaweza kufunga dirisha lake asijulikane.

Upande wa Wakurya, ambao kwao wizi wa ng'ombe wa kuvuka mpaka wa Tanzania na Kenya ni wa miaka mingi, jina na muundo vilipokelewa Tarime, na mwaka 1998 vikavuka kuingia Kenya. Nchini Tanzania, tangu Said Mwema alipoteuliwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi mwaka 2006, mkazo ulihamia kwenye polisi jamii na ulinzi shirikishi, ambapo vikundi vya mtaa hufanya doria chini ya usimamizi wa polisi na watuhumiwa hupelekwa kituoni, si mbele ya mtemi. Vijijini Usukuma filimbi bado zinalia usiku, na mahali zilipong'olewa kaya za zamani minyaa imeendelea kukua, ikawa miti mirefu inayozunguka uwanja mtupu.