Mpiga Piano Aliyeomba Kiswahili

Siku ya mnada Karatu, Mmasai aliyeteremka kutoka Ngorongoro hupatana bei ya mbuzi na Mwiraqw, huku Mdatoga akisubiri zamu yake na Mhadzabe wa Bonde la Eyasi akipita na asali. Kimaasai na Kidatoga ni lugha za Kiniloti, Kiiraqw ni ya Kikushi, na Kihadza, lugha ya vidoko, haina ndugu anayejulikana. Biashara huishia kwenye Kiswahili. Nimekulia hapo na sikuwahi kukiona Kiswahili kama kitu ambacho mtu angekwenda kukitafuta, mpaka nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili nikakutana na santuri ya Randy Weston.

Weston alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926. Baba yake, mwenye mgahawa na mfuasi wa Marcus Garvey, alimsukuma ajifunze piano, tena akamfundisha tangu utotoni kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Lakini Mwafrika wa wapi? Utumwa ulikuwa umefuta vijiji na lugha za mababu zake.

Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Weston, aliyekuwa akirekodi jazi tangu 1954, alitunga kazi ya sehemu nne kuusherehekea, akaiita Uhuru Afrika. Alitaka ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, maana watu wengi waliamini kwamba Afrika haina lugha za maana. Aliwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na Mtanganyika Tuntemeke Sanga akalitafsiri na kulisoma mbele ya kipaza sauti. Melba Liston alipanga muziki wa bendi kubwa. Babatunde Olatunji wa Nigeria alipiga ngoma. Ilikuwa Novemba 1960, zaidi ya mwaka mmoja kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa. Mwaka 1964 utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini uliipiga marufuku santuri hiyo.

Baadaye, mwaka 1967, Weston alizunguka nchi 14 na bendi yake, kisha akaishi Morocco na kufungua klabu ya muziki Tangier. Alijifunza kwa wapigaji wa Kignawa, wazao wa watumwa kama yeye, na kazi yake yote ikawa somo moja: kwamba muziki anaoupiga ulizaliwa Afrika. Alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka 92.

Mtu anaweza kumkosoa. Mababu wa Wamarekani weusi wengi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati; Kiswahili hakikuwa lugha yao. Ni kweli, lakini hakikuwa lugha ya mababu zangu pia. Sisi wa Karatu tulikipokea kwa sababu ileile aliyokuwa nayo yeye: tulihitaji mahali pa kukutana ambapo hakuna aliye mgeni wa mwenzake.

Tofauti ni gharama. Weston alikuwa amekwisha kunyang'anywa lugha. Kiswahili kilimpa kitu mkononi. Mimi nilikuwa nayo. Bibi yangu hunisemesha kwa Kiiraqw, nami humjibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyenichapa ili iwe hivyo. Nimeiacha mwenyewe, kidogo kidogo, nikidhani ipo tu.

Likizo iliyopita nilimchezea bibi santuri hiyo kwenye simu. Sauti ya Sanga ilipoanza, akauliza huyo ni mtoto wa nani. Nilijaribu kumweleza kwa Kiiraqw habari ya Weston, ya watu waliopelekwa ng'ambo na kusahau walikotoka, nikakwama kwenye sentensi ya pili. Bibi akanipa neno nililokosa. Nikalirudia, akalisahihisha. Tuliendelea hivyo mpaka muziki ukaisha, na hadithi yenyewe hatukuwa tumefika hata nusu.