Nairobi–New York (safari ya ndege)

Umbali wa anga kati ya Nairobi, Kenya, na New York, Marekani, ni takriban kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja baina ya miji hiyo tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787. Kwenda huchukua saa 15 hivi. Kurudi ni kama 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Kikwazo ambacho abiria hakioni ni uwanja wenyewe wa ndege wa Nairobi, Jomo Kenyatta: uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyosheheni mafuta hupaa kwa shida, hasa jua likiwaka. Baridi ya usiku huipunguzia kazi. Saa za New York ziko nyuma kwa 7, au 8 wakati wa kipupwe cha huko.